Zamu ya Mzee Joab

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1996, saa saba na dakika kumi mchana, Jerusa alimeza tonge la ugali na tonge likasimama. Halikumkaba. Lilishuka vizuri hadi nyuma ya kifungo cha tatu cha blauzi, likafika pale, likatulia. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shamba namba tisa na wachumaji wenzake, kikapu kando, majani ya chai yakiwa bado na matundu ya mvua ya mawe ya jana. Akanywa maji ili yalisukume lile tonge. Maji nayo yakafika pale, yakasimama juu ya ugali.

Alingoja robo saa. Kisha akaenda nyuma ya michai, akainama, akatoa vyote, maji kwanza, ugali baadaye. Ugali ulikuwa mweupe vilevile na hauna hata uchachu. Akafuta mdomo, akarudi kuchuma, kwa sababu nyapara alikuwa anatazama.

Jerusa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alitoka kwao Nyamira akiwa msichana, akaja kuchuma chai katika shamba hili kubwa lililo juu ya Sosiot, akaolewa na Alfayo wa kiwandani, anayenyausha majani. Watu wa kambi walimwita Mama Atuti. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kampuni, chumba na jiko, na kila mtu kambini alijua kwamba ukiacha kazi asubuhi, nyumba inakuacha jioni.

Zahanati ya shamba ilikuwa ya Eliakim, na Eliakim alikuwa na tembe za aina mbili, za malaria na za vidonda vya tumbo. Kwa kuwa Jerusa hakuwa na homa, alipewa za vidonda. Tembe nazo zilisimama. Mwanamke wa nyumba ya nne alisema hiyo ni mimba. Mwanamke wa nyumba ya sita alisema ni jamaa za Alfayo wamemloga. Alfayo alisema jamaa zake ni wavivu, hakuna anayeweza kuvuka kilima chote kile kwa ajili ya kuloga mtu.

Kufikia mwezi wa sita Jerusa alikuwa amejua desturi za koo lake. Sukuma wiki ilipita, lakini saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni tu, saa za kubadilishana zamu. Nyama haikupita. Chelangat, mama Mkipsigis mwenye shamba dogo ng'ambo ya ua wa kampuni, alimletea mursik kwenye kibuyu, maziwa yaliyolala siku nyingi na kukolezwa makaa ya mti. Mursik ilipita, polepole, na kila mara ilipokuwa ikipita mtu wa karibu alisikia kama kuna anayeonja na kulamba midomo.

Chai ndiyo haikupita kabisa, hata kijiko. Mtu amekaa katikati ya chai maili kumi kila upande, na kikombe kimoja hakimshuki. Usiku alilala ameketi, amewekewa gunia la mahindi mgongoni, maana akilala chali chakula kilirudi kwenye mto. Alikonda. Nyapara akamwambia waziwazi kwamba mchumaji mwepesi kuliko kikapu chake hawezi kubaki kazini, na akampa hadi Krismasi.

"Baba Atuti," Jerusa alimwambia mumewe, "mimi naogopa. Nitakufa njaa na sufuria iko hapa mbele yangu."

Alfayo aliogopa pia, na alimwambia hivyo. 

Sasa, kuhusu geti. Shamba lile lilikuwa na geti moja la wafanyakazi, mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kibanda cha mabati na kigoda. Sheria zake zilijulikana na watoto. Jani la chai halitoki. Nyama na kuni havipiti bila kibali. Askari hali chakula getini. Na askari haondoki mpaka mwenzake aje ampokee, yaani ashike rungu na kuweka sahihi kwenye kitabu. Kwa miaka kumi na tisa geti hilo lilikuwa la Mzee Joab Mosoti, mwenye koti kubwa la kijani la kampuni. Aliyestahili kumpokea alikuja alipojisikia. Kuna siku Joab alikaa saa kumi na nane bila kutia kitu mdomoni, akipekua vikapu vya watu wanaonuka ugali.

Jerusa alimwonea huruma. Kila akipita alimwambia, "Mzee, karibu kwangu ule." Ni maneno ya adabu, watu huyasema kutwa bila hata kusimama. Joab naye alijibu jibu lilelile: "Nitakuja, nikipokewa."

Jumamosi tarehe tisa, siku tatu kabla ya lile tonge, Joab alikuwa getini tangu Ijumaa jioni na hakuna aliyekuja kumpokea. Alikufa saa saba mchana, ameketi kwenye kigoda, mgongo umenyooka. Watu waliendelea kumsalimia wakipita hadi saa tisa, ndipo mmoja akagundua kwamba hakupekuliwa. Mkuu wa askari alikuja na dereva. Wakamwinua Mzee Joab na kigoda chake, wakamvusha barabara, wakamlaza chini ya mti wa saipras hatua kumi nje ya geti, wakarudisha kigoda. Kisha mkuu wa askari akaandika kitabuni kwamba askari alitoka kazini bila ruhusa. Mtu anayekufa kazini ana haki zake, na mjane wake ana haki zake. Anayekufa chini ya saipras ni mpita njia.

Jerusa aliona yote kutoka shamba namba tisa. Alikuwa ameshika chupa ya chai aliyomletea Mzee Joab. Wengine kama hamsini waliona pia, na hao hamsini walikuwa na nyumba hamsini za kampuni. Yunia, mjane wa Joab, alikuja kutoka Nyamira akauliza mume wake alifia wapi. Aliambiwa chini ya saipras. Akamchukua, akaenda kumzika nyuma ya nyumba yake.

Mwezi wa tisa Chelangat alisema imetosha. Aliuza ndama, akawapeleka Jerusa na Alfayo hadi hospitali ya misheni upande wa Bomet. Huko Jerusa alisimamishwa mbele ya mashine ya eksirei, akapewa kikombe cha dawa nyeupe nzito kama chokaa. Mwendeshaji wa mashine aliitwa Kipsang.

"Kunywa. Shikilia pumzi," Kipsang alisema. Akatazama kioo chake. Akatazama tena. "Mama, kuna mtu hapa."

"Ni nani?"

"Mimi simjui. Amevaa koti."

Picha ilipotoka Daktari Rebeccah aliitundika kwenye taa. Umio wa Jerusa ulikuwa umepanuka kama soksi iliyovaliwa miaka mingi, na chini kabisa ulichongoka kama mdomo wa ndege. Hapo kwenye ncha, juu ya kigoda, aliketi mzee mwenye koti kubwa, rungu limelala magotini. Miguuni pake palikuwa na maharagwe kadhaa yaliyozuiliwa.

"Ugonjwa huu unaitwa akalasia," daktari alisema. "Kuna msuli chini ya umio, mahali chakula kinaingilia tumbo. Mtu akimeza, huo msuli unalegea, chakula kinapita. Wako haulegei. Kwa wengi hatujui sababu. Kwa wako, sababu inaonekana."

"Unaweza kufungua?" Alfayo aliuliza.

"Naweza kupanua kwa puto, ama kukata msuli kidogo. Lakini siwezi kuingiza kisu mahali mtu yuko kazini. Mwondoeni kwanza."

Alfayo aliitazama picha kwa muda. Alimtambua mzee kwa kola ya koti, iliyokuwa imeshonwa kwa uzi mweupe. Walirudi nyumbani na picha ndani ya bahasha kubwa, na jioni, Jerusa akiwa ameketi kwenye gunia lake, Alfayo akasogeza mdomo karibu na kifungo cha tatu.

"Mzee Joab."

"Naam," ilijibu sauti kutoka ndani, ya upole, yenye kikohozi cha tumbaku.

"Mzee, ulifikaje huko?"

"Nilikaribishwa. Nilikuja kula. Nikakuta hapa kuna geti na halina mtu."

"Sasa tunakuomba utoke. Mama Atuti anaumia."

"Najua anaumia. Namwonea huruma sana." Akakohoa. "Nani amekuja kunipokea?"

"Hakuna."

"Basi," Mzee Joab alisema.

Kesho yake Alfayo aliomba ruhusa kiwandani, akapeleka picha ofisi ya wafanyakazi. Karani huko aliitwa Nicholas, kijana nadhifu, si mtu mbaya. Aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Ni yeye," Nicholas alisema. "Hata koti ni letu. Hilo koti linatakiwa lirudi stoo."

"Tunaomba mtu aende ampokee. Asaini tu kitabu."

"Alfayo, sikiliza. Faili inasema huyu mzee alikuwa nje ya geti. Tukimpokea leo, tumesema alikuwa kwa geti. Unaelewa?"

"Lakini unamwona yuko kwa geti."

"Namwona. Lakini picha haina mhuri wa kampuni."

Alimrudishia bahasha kwa heshima, akamfungulia mlango. Alfayo alirudi nyumbani amekasirika hadi masikio yanamuwasha. Alipomaliza kueleza, Jerusa hakulia. Alikuwa amefika kilo thelathini na nne na hakuwa na machozi ya ziada. Alikaa akawaza juu ya ile siku ya saipras na chupa ya chai iliyopoa mkononi mwake, akaona aibu, na aibu ile ilimpa nguvu ambayo chakula kilikuwa kimekataa kumpa.

"Mwite Yunia," alisema. "Mwambie aje Jumatatu asubuhi, na aje na chakula cha mume wake."

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro, wachumaji mia mbili walikuwa wamepanga foleni getini kama kawaida, ukungu ukiwa umelala juu ya chai. Askari wa geti sasa alikuwa Kipkurui, aliyerithi kigoda. Yunia alisimama ng'ambo ya mti wa rangi, upande wa barabara, na kapu lililofunikwa kwa majani ya ndizi. Chelangat alikuwa kando yake na kibuyu.

"Kipkurui," Jerusa alisema, "nipe kitabu."

"Mama, hii kitabu si ya wachumaji."

"Sheria inasema nani anaweza kupokea geti?"

Kipkurui alifikiri. "Mwenye atashika rungu na kuweka sahihi."

"Inasema lazima awe mwanaume?"

"Haisemi."

"Inasema lazima awe askari?"

Kipkurui alikuwa getini tangu Jumapili mchana na hakuwa amekula. "Haisemi," alijibu. "Nafikiri hawakuwaza." Akampa kitabu, akampa na rungu.

Jerusa alifungua ukurasa wa tarehe tisa mwezi wa tatu. Chini ya maneno ya mkuu wa askari palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Akaandika polepole, maana shule aliiacha darasa la tano: *Jumamosi saa saba mchana Mzee Joab Mosoti alikuwa kwa geti, kwa kigoda. Niliona. Nimepokea geti mimi Jerusa.*

"Soma," ilisema sauti nyuma ya kifungo.

Alisoma kwa sauti ya kutosha hadi mwisho wa foleni.

"Hujamaliza," Mzee Joab alisema. "Mwisho tunaandika kama kuna tukio. Hakuna tukio?"

Kila askari aliyewahi kushika kitabu kile alimalizia kwa maneno hayo, hakuna tukio. Joab mwenyewe alikuwa ameyaandika miaka kumi na tisa. Jerusa aliinua kalamu, akaishikilia.

"Kuna tukio, Mzee. Ulikufa. Wakakuvusha barabara, na mimi nikanyamaza."

 Yunia alifunika mdomo kwa leso.

"Andika hivyo," sauti ilisema.

Akaandika hivyo. Alfayo akatoka kwenye foleni, akachukua kalamu, akaweka sahihi yake chini, ingawa siku ile hakuwepo na alieleza kwamba anasaini kama mume. Kisha akaja mwanamke wa nyumba ya nne, aliyekuwepo. Akaja wa nyumba ya sita. Wakaja wengine, kila mtu akitaja alisimama wapi siku ile, huyu mstari wa tatu, yule kwenye mtaro. Nyapara aliwaambia warudi kwenye foleni, wakamwambia hii ndiyo foleni. Kwa mtu wa thelathini na nne wino uliisha. Chelangat akatoa kalamu aliyokuwa amechomeka kwenye nywele, wakaendelea.

Wa hamsini alipomaliza, Jerusa alihisi kitu kinasimama ndani yake, kikijinyoosha magoti. Akafungua mdomo. Mzee Joab alitoka kichwa kwanza, kofia mkononi, mdogo kama gunzi la mahindi, na kufikia kumaliza kushuka begani pa Jerusa na kukanyaga ardhi alikuwa mtu mzima wa kimo chake. Koti lilikuwa limelowa. Alimtazama Jerusa jinsi alivyokonda.

"Nisamehe, mama."

"Nisamehe mimi, Mzee."

Joab alivua koti, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kigoda. Kisha akaenda hadi kwenye mti wa rangi na kuinua mikono, kwa sababu hakuna anayetoka bila kupekuliwa. Kipkurui alimpekua vizuri. Mifukoni alikuta maharagwe sita, mfupa mmoja wa mbuzi na tembe kumi na moja za Eliakim. Hakukuwa na jani la chai. Jerusa, aliyekuwa ndiye mwenye geti, akainua mti.

Mzee Joab alipita, akafika kwa mkewe. Yunia alifunua majani ya ndizi. Ulikuwa ugali wa wimbi na kuku, na Joab alikula amesimama kandokando ya barabara mpaka akashiba, huku Yunia akimtazama bila kupepesa. Kilichobaki, na kilikuwa kingi, Yunia alimpelekea Jerusa.

Jerusa alikata tonge. Watu mia mbili walisogea karibu. Akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna, akameza. Tonge lilishuka, likafika nyuma ya kifungo cha tatu, likapita bila hata kupunguza mwendo. Akakata jingine. Akala paja la kuku, akala mpaka mfupa. Chelangat akamimina mursik, ikashuka na haikuonjwa na mtu. Mwisho kabisa Alfayo akamimina chai kutoka kwenye chupa, chai ya rangi, moto, na Jerusa akanywa kikombe kizima, na cha pili, na cha tatu, machozi yakimtiririka. Hakuyafuta. Alikuwa na furaha na alitaka ionekane. Wachumaji walianza kuimba, wimbo wa kanisani, kila kabila kwa lugha yake, na siku hiyo kazi ilianza saa mbili na nusu.

Yunia na mumewe walipanda basi la Nyamira, kondakta akawapa viti viwili. Yunia alisema baadaye kwamba alimsindikiza hadi nyuma ya nyumba, mzee akalala pale alipokuwa amezikwa, na hajasumbuka tena.

Saa nne asubuhi hiyohiyo mkuu wa askari alikata ule ukurasa kwa wembe. Hakuna aliyefukuzwa kazi, kwa sababu majani yalikuwa mengi msimu ule na hamsini ni mikono mingi. Faili la Joab Mosoti bado linasema alifia nje ya geti. Yunia aliandika barua tatu na kupata jibu moja, la kumshukuru kwa kurudisha koti.

Mwezi wa kumi na moja Jerusa alirudi hospitalini akiwa na kilo arobaini na tisa. Daktari Rebeccah alipanua ule msuli kidogo kwa puto, maana geti lililofungwa miezi saba hushika kutu, kisha Kipsang akapiga picha nyingine. Umio ulikuwa mwembamba tena. Chini, kwenye ncha, kilionekana kigoda kitupu.

"Kinakusumbua?" daktari aliuliza.

"Hapana."

"Basi tukiache."

Koti lilipigwa pasi stoo, akapewa Kipkurui. Anayestahili kumpokea huja anapojisikia. Siku moja mwezi wa pili, saa saba mchana, Jerusa alipita getini na kikapu, akamkuta ameketi mgongo umenyooka kuliko inavyofaa.

"Kipkurui. Umekula?"

"Tangu jana bado, mama. Na unajua hapa hairuhusiwi."

Jerusa alitua kikapu. Ile salamu yake ya zamani, karibu kwangu ule, ilimfika hadi kwenye ulimi, akaizuia hapohapo. Alifungua mfuko wake, akatoa ugali na maharagwe vilivyofungwa kwa karatasi.

"Nenda kula nyuma ya kibanda," alimwambia. "Kwangu usije."

Akachukua rungu, akasimama getini. Alikuwa amejibakizia tonge moja, na alilitafuna huku akipekua vikapu vya watu, akalimeza.